Hifadhidata ipi kwa maduka manne: Oracle, SQL Server, MySQL au PostgreSQL?

Swali: "Nina maduka manne ya vifaa vya ujenzi, Mwanza, Geita, Shinyanga na Bukoba, na wafanyakazi 25 wanaotumia kompyuta. Hadi leo kila duka lina faili lake la Excel, na kila Jumamosi tunatumiana mafaili kwa WhatsApp ili mhasibu aliyeko Mwanza ajumlishe. Kijana aliyetufungia mtandao anasema tuweke MySQL kwa sababu ni bure. Kampuni moja ya Dar es Salaam inasema biashara makini hutumia Oracle au SQL Server, na imeniletea makadirio yaliyonitoa jasho. Mpwa wangu anayesoma kompyuta chuoni anasema PostgreSQL. Kila mmoja anaongea kwa uhakika. Nichague ipi, kwa sababu gani, na nihame lini?"

Jibu:

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuleta swali pamoja na hesabu zake, maana wengi huuliza ipi ni bora bila kusema wana maduka mangapi wala watu wangapi, na swali la namna hiyo halijibiki. Nianze na jibu lenyewe ili usilitafute huko chini. Kwa biashara kama yako mimi ningechagua PostgreSQL, isipokuwa kama programu ya mauzo na uhasibu utakayoinunua imeandikwa kwa ajili ya hifadhidata nyingine. Ikiwa hivyo, ifuate programu. Oracle ningeiacha kabisa. Mpwa wako amesema kweli, ingawa huenda sababu zake si hizi nitakazokupa, na kijana wa mtandao naye hayuko mbali.

Kwanza ujue kwamba zote nne ni hifadhidata, yaani programu za kutunza na kutafuta taarifa, na ni za ukoo mmoja. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM huko California, alipendekeza kwamba taarifa zitunzwe katika majedwali yanayohusiana kwa thamani zilizomo ndani yake, bila anayeuliza kulazimika kujua taarifa hizo zimelala wapi kwenye diski. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa lugha ya SQL, ambayo hifadhidata zote hizi huizungumza, kila moja kwa lafudhi yake. Oracle iliingia sokoni mwaka 1979, SQL Server ya Microsoft mwaka 1989, MySQL ilianzia Sweden mwaka 1995, na PostgreSQL ilichipuka kutoka katika mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza mwaka 1986. Mtu aliyejifunza SQL vizuri kwenye mojawapo hapotei akiingia kwenye nyingine, na hilo ni jambo la kukutuliza: uamuzi huu si ndoa isiyovunjika, ijapokuwa kuhama baadaye kuna gharama yake.

Sasa tuangalie kile unachokinunua hasa. Chukua mauzo mamoja katika duka lako la Geita. Fundi anachukua mifuko 40 ya saruji kwa mkopo. Kwa muuzaji hilo ni tendo moja, lakini kwa kompyuta ni matendo manne: risiti inaandikwa, mstari wa saruji unaingia ndani ya risiti, mifuko 40 inatolewa kwenye hesabu ya stoo, na deni la fundi linaongezeka. Umeme ukikatika baada ya tendo la tatu, stoo imepungua na deni halipo. Mwisho wa mwezi mhasibu ataona upungufu wa mifuko 40, muuzaji atashukiwa wizi, na hakuna atakayekumbuka umeme wa siku ile. Hifadhidata ya kweli hufunga matendo hayo manne katika muamala mmoja: ama yote yanakubaliwa, ama yote yanafutika. Kabla haijagusa majedwali, huandika kwenye daftari lake la ndani kile inachotaka kukifanya na kuilazimisha diski ithibitishe kwamba imekiandika. Umeme ukirudi, hulisoma daftari hilo, hukamilisha miamala iliyothibitishwa na kutupa iliyoishia njiani. Excel haina kitu hicho, na hilo pekee ni sababu tosha ya kuiacha, hata kabla hatujazungumzia watu wawili wanaofungua faili moja kwa wakati mmoja.

Hifadhidata zote nne hufanya hivyo leo, lakini MySQL ina historia unayopaswa kuijua. Kwa miaka mingi njia yake ya kawaida ya kutunza majedwali iliitwa MyISAM, na MyISAM haina miamala kabisa. Njia salama, InnoDB, ilifanywa ya kawaida kuanzia toleo 5.5 la mwaka 2010. Utasema hayo ni ya kale. Mimi niliitwa kwenye duka moja la jumla lililokuwa limenunua mfumo wa mauzo kwa bei poa, na nilipofungua nikakuta majedwali yote ni ya MyISAM, yamenakiliwa kutoka mradi hadi mradi kwa miaka. Umeme ulikuwa umekatika mara tatu wiki hiyo. Jedwali la risiti lilikuwa na risiti ambazo stoo haikuzijua, na jedwali la madeni halikufunguka hadi lilipokarabatiwa. Tulikaa siku mbili na mhasibu, vitabu vya karatasi upande huu na skrini upande ule, tukilinganisha risiti moja baada ya nyingine. Kwa hiyo ukiuziwa mfumo unaotumia MySQL, mwambie muuzaji akuonyeshe kwa macho yako kwamba kila jedwali ni la InnoDB. Ni kazi ya dakika moja.

Kuna tofauti nyingine ya aina hiyo. Katika hifadhidata unaweza kuweka sharti kwamba idadi ya nondo stooni isishuke chini ya sifuri, na hifadhidata yenyewe itamkatalia yeyote anayejaribu kulivunja, hata kama programu ya kaunta ina kasoro. PostgreSQL, SQL Server na Oracle zimetii sharti hilo miaka mingi. MySQL ililipokea ikalipuuza kimyakimya hadi toleo 8.0.16 la mwaka 2019. Ungeandika sharti, isilalamike, kisha ikakubali nondo hasi saba. Matoleo ya sasa hayana tatizo hilo. Ndiyo sababu nasema umri wa toleo ni jambo zito kuliko jina: toleo 5.7 la MySQL liliacha kupata matengenezo ya kawaida Oktoba 2023, na ukiletewa hilo leo, likatae.

Lipo jambo dogo ambalo wauzaji wa programu hawalisemi. Ahadi ya muamala inategemea diski inayosema ukweli. Diski za bei nafuu zisizo na kinga ya umeme zinaweza kuripoti kwamba zimeandika ilhali taarifa bado zimo katika kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika hapo hakuna hifadhidata itakayokuokoa. Seva yako, yaani kompyuta kuu inayotunza hifadhidata, iwe na UPS (betri ya akiba) inayozungumza nayo na kuizima kwa utaratibu, na diski ziwe za daraja la seva. Fedha hiyo ni ndogo ukiilinganisha na leseni tutakazoziona sasa.

Kabla ya leseni, tupime mzigo wako, kwa sababu kampuni iliyokuletea makadirio bila shaka imekutisha kwa ukubwa. Tuseme kila duka linatoa risiti 300 kwa siku, kila risiti ina mistari minne. Hiyo ni mistari 4,800 kwa siku kwa maduka yote, na kwa siku 310 za kazi ni mistari 1,488,000 kwa mwaka. Mstari mmoja pamoja na faharasa zake, yaani orodha za kuupata haraka, tuupe baiti 300. Tunapata kama MB 450 kwa mwaka. Ongeza miendo ya stoo, madeni na vitabu vya uhasibu, zidisha mara tatu, na bado hujafika GB 1.5 kwa mwaka. Simu iliyo mfukoni mwako ina nafasi ya miaka mingi ya biashara yako. Hifadhidata yoyote kati ya hizi inabeba mzigo huo bila kutoa jasho, na watumiaji 25 si umati. Anayekuuzia nguvu kubwa anakuuzia lori la tani 30 kubebea misumari kilo mbili na nusu.

Tuje kwenye fedha. Oracle Enterprise Edition ina bei ya orodha ya dola 47,500 kwa prosesa, na neno prosesa hapo lina maana ya kimkataba: kwa seva za kawaida za Intel, kila kori mbili (kori ni kitengo kimoja cha kufanya kazi ndani ya chipu) huhesabiwa kuwa prosesa moja. Seva ya kori 16, ambayo leo ni ya kawaida kabisa, huhesabiwa prosesa 8, yaani dola 380,000, na juu yake asilimia 22 kila mwaka kwa ajili ya matengenezo na msaada, ambayo ni dola 83,600. Kuna toleo dogo, Standard Edition 2, ambalo bei yake ya orodha ni dola 17,500 kwa kila tundu la prosesa, yaani mahali chipu inapochomekwa, na wateja wakubwa hupewa punguzo. Siidharau Oracle. Kwa benki yenye mamilioni ya wateja, inayotaka seva kadhaa zifanye kazi kama moja na timu nzima ya wasimamizi, ni chombo kilichokomaa. Lakini ina vipengele vingi vinavyouzwa kando, baadhi yake vinaweza kuwashwa kwa amri moja bila onyo la bei, na mkaguzi wa leseni akija baadaye deni linakuwa lako. Duka la vifaa vya ujenzi halina sababu ya kulala na hofu hiyo.

SQL Server ni suala la kufikiriwa kwa uzito zaidi, na hapa sikubaliani na vijana wanaoikataa kwa sababu tu ni ya Microsoft. Toleo la Standard la mwaka 2022 huuzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa kori, bei ya orodha ikiwa karibu dola 3,945 kwa jozi, kwa hiyo seva yetu ya kori 16 ingefika dola 31,560. Ya pili ni leseni ya seva kama dola 989 pamoja na leseni ya kila mtumiaji au kifaa kama dola 230; kwa watu wako 25 hiyo ni dola 6,739 kwa jumla. Angalia pengo kati ya njia hizo mbili, kisha uangalie makadirio uliyoletewa yametumia ipi. Kama yametumia ya kori kwa watu 25, aliyeyaandika ama haelewi leseni ama anaelewa sana. Tahadhari moja: kupitisha wauzaji wote katika akaunti moja ya programu hakupunguzi idadi ya leseni, hata kama seva inaona mtumiaji mmoja tu. Lipo pia toleo la bure, Express, ambalo hadi toleo la mwaka 2022 hifadhidata yake moja haikuruhusiwa kuzidi GB 10 (toleo la 2025 limepandisha kikomo hicho hadi 50), hutumia kumbukumbu ya takriban GB 1.4 tu, na halina huduma ya ratiba inayofanya kazi za usiku kama kuchukua nakala rudufu. Kwa hesabu tuliyoifanya, GB 10 zingekutosha kama miaka saba. Kwa hiyo Express si ya kudharauliwa, mradi mtu akuandalie ratiba ya nakala kwa njia nyingine.

Kinachoifanya SQL Server ipendwe ni zana zake. Mhasibu anayeijua Excel anaweza kuiunganisha na seva na kupata ripoti zake mwenyewe bila kumsubiri mtaalamu, na programu yake ya usimamizi ni rahisi kuliko zote kwa mtu anayejifunza kwa kubofya. Kama ofisi yako nzima inaishi ndani ya Windows na fundi wako ni wa Windows, hiyo ni hoja ya kweli.

MySQL na PostgreSQL hazina ada ya leseni kwa matumizi yako ya ndani. Lakini yule kijana anapaswa kujua kwamba MySQL anayoipigia debe ni mali ya Oracle. Kampuni ya Sun iliinunua mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni moja, Oracle ikainunua Sun mwaka 2010, na Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, akaanzisha tawi lake mwenyewe mwaka 2009 akaliita MariaDB kwa jina la binti yake, kama alivyofanya kwa MySQL, iliyobeba jina la bintiye mkubwa, My. Wikipedia ilihamia MariaDB mwaka 2013. Hizi mbili zilifanana sana mwanzoni na sasa zimeachana vya kutosha, hivyo usikubali kuambiwa kwamba ni kitu kimoja; uliza programu yako imejaribiwa kwenye ipi. PostgreSQL haina mmiliki. Inaendelezwa na jumuiya ya watu na makampuni mengi, toleo kubwa hutoka kila mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa miaka mitano. Hakuna atakayeamka asubuhi akabadilisha bei.

Na hoja kwamba biashara makini haitumii vya bure haina msingi. Takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hukusanywa kupitia mfumo wa DHIS2 uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na mfumo huo hukaa juu ya PostgreSQL. Zahanati na vituo vya afya vya nchi nzima hupitisha taarifa zake humo. Maduka manne hayashindwi.

Kwa nini basi nimeweka PostgreSQL mbele ya MySQL, ikiwa zote ni za bure na zote zinabeba mzigo wako? Sababu zangu mbili zinahusu maduka yako moja kwa moja. Ya kwanza ni usalama wa tawi. Katika PostgreSQL unaweza kuandika kanuni ndani ya hifadhidata yenyewe kwamba akaunti ya msimamizi wa Bukoba inaona mistari ya Bukoba tu, na kanuni hiyo inamfuata hata akiingia kwa mlango mwingine, iwe ni kwa Excel au kwa programu ya ripoti. SQL Server nayo inao uwezo huo tangu mwaka 2016. MySQL haina kwa asili yake. Mwandishi wa programu analazimika kukumbuka kuchuja kila mahali, na akisahau sehemu moja, bei za ununuzi za Mwanza zinaonekana Geita. Ya pili inahusu usiku wa maboresho. Programu yoyote ya biashara hubadilika, na kila inapobadilika majedwali huongezewa safu wima au hugawanywa. Katika PostgreSQL mabadiliko ya umbo la majedwali huingia ndani ya muamala kama mauzo; yakikwama hatua ya saba kati ya kumi, unafuta yote na asubuhi duka linafungua kama jana. MySQL huthibitisha kila badiliko la umbo peke yake, kwa hiyo ukikwama katikati unabaki na nyumba iliyobomolewa upande mmoja, na muuzaji yuko kaunta saa mbili asubuhi anasubiri.

PostgreSQL nayo ina mambo yake. Kila mstari unapobadilishwa huacha nyuma nakala ya zamani, na kuna mfagizi wa ndani anayezifagia. Ukimzima au ukiacha muamala mmoja wazi kwa siku nzima, majedwali huvimba na kasi hushuka. Kila muunganisho huchukua kumbukumbu yake, ingawa kwa watu 25 hutaliona hilo. Kuhama toleo kubwa moja kwenda jingine kunahitaji kupangiwa muda. Na huku kwetu waandishi wa programu waliolelewa na PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, wengi wanaijua MySQL kuliko PostgreSQL, hata huduma nyingi za kukodisha tovuti za bei nafuu hutoa MySQL au MariaDB peke yake.

Hilo la mwisho linanifikisha kwenye jambo ambalo ningelipa uzito mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Biashara hainunui hifadhidata, inanunua programu inayoiendesha, na programu nyingi zimekwisha kuchagua. Odoo hufanya kazi na PostgreSQL peke yake. ERPNext kwa kawaida hukaa juu ya MariaDB. SAP Business One hutaka SQL Server au HANA, hifadhidata ya SAP yenyewe. Tally, ambayo wahasibu wengi wa Afrika Mashariki wameizoea, hutunza taarifa kwa njia yake yenyewe. Kaa na mhasibu na wauzaji wako wazoefu wawili, mwandike kazi mnazotaka programu ifanye, ikiwemo kuzungumza na mashine za risiti za TRA na kuuza kwa vipimo vya kilo, mita na kipande kwa bidhaa ileile, kisha mchague programu. Kama iliyo bora kwenu inataka SQL Server, nunua SQL Server kwa moyo mweupe. Kama utaandikiwa programu mpya tangu mwanzo, mwandishi atumie PostgreSQL. Na kama mtu pekee mwaminifu unayeweza kumpata Mwanza kwa saa moja anaijua MariaDB kwa undani na hajui nyingine, ningekuelewa kabisa ukimfuata, kwa sharti la InnoDB na toleo jipya.

Seva ikae wapi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora nchi nzima. Duka ambalo kaunta yake haiuzi bila kufika kwenye seva ya mbali siku ile lilirudi kwenye karatasi. Kwa hiyo, seva iwe ofisini Mwanza au iwe ya kukodi kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine unazozifikia kwa intaneti, huko Johannesburg au Cape Town, kila duka lazima liweze kuuza likiwa limetengwa. Kwa kaunta moja, SQLite inatosha. Ni hifadhidata ndogo ya bure iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000, imo ndani ya kila simu ya Android, inaheshimu miamala, na udhaifu wake ni kwamba huruhusu mmoja tu kuandika ndani yake kwa wakati mmoja. Duka lenye kaunta tatu liwe na PostgreSQL yake ndogo. Kupatanisha matawi ndipo miradi mingi inapokufa, kwa hiyo sisitiza kanuni hizi kwa mwandishi wa programu: stoo ya duka ibadilishwe na duka hilo tu, mauzo yapande kwenda Mwanza na yasiguswe huko, bei na majina ya bidhaa yashuke kutoka Mwanza na yasibadilishwe matawini, na namba ya kila risiti ibebe alama ya tawi ili risiti namba 1,205 ya Geita isigongane na ya Bukoba. Uhamisho wa mzigo kati ya maduka uandikwe mara mbili, kutoka huku na kupokelewa kule, ili kilicho njiani kionekane kuwa njiani.

Kama huna mtu wa kudumu wa kuangalia seva, kodi PostgreSQL inayosimamiwa na mwenye wingu, ulipe kwa mwezi. Ila kumbuka kwamba majina, simu na madeni ya wateja wako ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Pata ushauri wa mwanasheria kabla hujahamisha. Iwe wingu au ofisini, kila mfanyakazi awe na akaunti yake na nywila yake. Akaunti moja ya watu wote ndiyo inayofanya kila upungufu uwe wa kila mtu.

Nakala rudufu zinahitaji ukali. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya wataalamu watupu, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata kuu ya PostgreSQL akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipokimbilia nakala zao wakakuta zile za kila siku zilikuwa zimeshindwa kimya kimya, kwa sababu chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo tofauti na seva, na njia nyingine nazo hazikufaa. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma iliyochukuliwa kwa kazi nyingine. Hakuna hifadhidata ambayo ingewakinga na kosa hilo. Wewe taka nakala mbili: moja ya kila usiku inayotoka nje ya jengo, na nyingine ya daftari la miamala linalotumwa mfululizo, ambayo PostgreSQL na SQL Server zote huiwezesha na inakuruhusu kurudi hadi dakika kabla ya kosa. Kisha, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mtu airudishe nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine kabisa na mhasibu atoe humo ripoti ya mauzo ya wiki iliyopita. Namba zikilingana, atie saini.

Umeuliza uhame lini. Hama usiku wa kuhesabu mali, kwa sababu huo ndio usiku pekee unaojua kwa hakika kilichomo stooni. Usiingize hesabu za Excel za miaka mitatu zenye "saruji", "cement" na "saruji 50kg" kama bidhaa tatu. Anza na duka moja, na nakushauri liwe Shinyanga au Geita, usianze na Mwanza lenye mzigo mkubwa. Kwa mwezi mzima duka hilo liendelee na kitabu cha risiti cha karatasi pembeni, na kila jioni msimamizi alinganishe jumla mbili. Zikipishana hata kwa shilingi mia tano, itafutwe sababu usiku uleule kabla kumbukumbu za wauzaji hazijafifia. Jumla hizo zikilingana kwa siku 30 mfululizo, nenda duka la pili.